Makopo ya Ijumaa

Tu.

Ilikuwa sauti ndogo, ya kitu kizito kinachowekwa chini kwa adabu, na ilitoka uani. Yasinta akafumbua macho gizani. Mumewe, Leodegari, alikuwa amevuta blanketi lote upande wake. Binti yao Anjelika, wa miaka minne, alilala katikati, mguu mmoja juu ya tumbo la mama yake. Baridi ya Julai ilipenya chini ya mlango.

Tu.

Nane, akahesabu Yasinta. Tisa.

Hakuhitaji kwenda dirishani. Aliijua sauti ile kama anavyojua kikohozi cha mumewe. Ni makopo mawili ya rangi, yale ya lita nne, yamejazwa zege na kuunganishwa kwa bomba la chuma. Subira, binti aliyepanga chumba cha uani, alikuwa akiyainua kutoka chini mpaka kiunoni, kisha akiyarudisha sakafuni taratibu asije akawaamsha wenye nyumba. Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi yeye na Yasinta wangesimama kwenye mstari wa kuanzia mbio za majaribio, kilomita arobaini na mbili.

Na Subira alikuwa akibeba zege Ijumaa alfajiri kwa sababu Yasinta alimwambia afanye hivyo.

Kumi na nne. Kumi na tano. Kimya kikaingia, kifupi, cha mtu anayevuta pumzi. Halafu akaanza tena, tu, na Yasinta akajifunika uso kwa ule upande mdogo wa blanketi alioachiwa.

Yasinta alizaliwa Maposeni, kwenye mahindi, na tangu darasa la tatu alikuwa anakimbia kwenda shule kwa sababu kutembea kulimchosha. Alipoolewa mjini, Lizaboni, watu walidhani mambo ya mbio yameisha. Alipojifungua ndiyo wakasema basi, sasa imetosha. Lakini Anje alipofikisha mwaka mmoja, Yasinta alichukua raba zake zilizokuwa zimeliwa na panya kisigino kimoja, akatoka. Leodegari hakumzuia. Alikuwa fundi ujenzi, mtu wa maneno machache, akasema tu, "Ukirudi umechelewa, uji nitakoroga mimi." Na kweli alikoroga, ukiwa na madonge.

Klabu yao iliongozwa na Mwalimu Polikarp, mstaafu mwenye pikipiki kuukuu na filimbi iliyofungwa kwa uzi wa kiatu. Yeye ndiye aliyegundua ugonjwa wa Yasinta.

"Injini unayo," alimwambia mwezi wa Aprili. "Tatizo lako bodi. Ukifika kilomita ya thelathini unakaa kama lori lililovunjika springi. Mgongo chini, kiuno chini, miguu inaburura. Unatakiwa ubebe vyuma."

"Vyuma nitavitoa wapi, Mwalimu?"

"Mumeo si fundi?"

Ndipo Leodegari akajaza zege kwenye makopo mawili ya rangi, akachomeka bomba katikati, akayaacha yakauke nyuma ya jiko. Yasinta aliyapenda yale makopo. Aliona kama mumewe amemchongea pete.

Subira alikuwa amehamia pale uani mwezi Machi, akitokea kijiji kimoja cha Namtumbo, kuja kusomea umeme chuoni. Miaka ishirini na moja, hijabu yake ameikaza vizuri, mabega mapana. Baba yake alilima tumbaku, na binti alikua akibeba marobota kutoka bani la kukaushia mpaka kwenye gari. Jioni ya kwanza alimkuta Yasinta akifunga raba, akauliza kwa upole, "Mama Anje, naweza kukufuata nyuma kidogo tu? Nikichoka nitarudi." Hakuchoka. Hakurudi. Mwezi Mei alikuwa anakimbia ubavuni. Mwezi Juni alikuwa mbele.

Mwalimu Polikarp alipomwona mara ya kwanza akifika thelathini amenyooka kama mlingoti wa bendera, aliizima pikipiki akabaki kumtazama. Jumatatu yake alimwomba Leodegari atengeneze makopo mengine. Leodegari akayatengeneza, kwa mfuko uleule wa saruji uliobaki. Na kwa kuwa alikuwa ameshajifunza kwa yale ya kwanza, haya ya pili yalitoka laini, mdomo umesawazishwa kwa mwiko, bomba limekaa katikati sawasawa. Ya Yasinta yalikuwa yameinama upande mmoja.

Ni jambo dogo. Yasinta alijiambia hivyo kila alipopita nyuma ya jiko na kuyaona makopo yote manne yamepangwa. Jambo dogo sana. Lakini roho ilimsokota kila siku, kuanzia kwenye yale makopo ikapanda mpaka kwenye kila kitu: namna Subira anavyokula ugali wake taratibu bila kuhema, namna anavyopanda ngazi za kanisani pale walipokuwa wakifanyia mazoezi ya miguu, hata namna anavyofua. Alianza kumpima yule binti kwa jicho kama mtu anayepima kitambaa ambacho hana uwezo wa kukinunua.

Klabu ilikuwa na nafasi moja ya mwanamke kwenda kwenye mbio za Arusha. Nauli, malazi, viatu, kila kitu. Moja tu, ya atakayetangulia kwenye majaribio. Yasinta alikuwa na miaka ishirini na minane, na yeye na mumewe walikuwa wameshakubaliana kwamba mwakani wamtafutie Anje mdogo wake. Kwa hiyo Arusha ilikuwa mwaka huu, au ilikuwa hadithi ya kumsimulia mtoto kwamba mama yako karibu afike.

Alhamisi ile Subira hakuja mazoezini. Alikuwa na mtihani wa vitendo chuoni. Mwalimu Polikarp aliwaweka chini kwenye nyasi, Anje akiwa mapajani kwa mama yake, akawapa maelekezo ya mwisho.

"Kukimbia ni mke mkubwa," alianza, na wanawake wakaanza kuguna kabla hajamaliza. "Ngojeni! Vyuma ni mke mdogo. Anasaidia, ana nguvu, anaipa nyumba mgongo. Lakini ukimpa siku ya mke mkubwa, nyumba inawaka moto."

"Mwalimu, mama kule nyumbani anajua una wawili?" mmoja akamrushia.

"Anajua ninao kwenye daftari. Sikilizeni. Siku ya mbio ngumu, jioni yake ndiyo mbebe, ili siku ya mapumziko iwe mapumziko kweli. Na kabla ya mbio ndefu, mke mdogo aende kwao. Kesho Ijumaa msibebe kitu. Hata ndoo ya maji. Hata huyu," akamgusa Anje puani, "asibebwe mgongoni. Umesikia, bibi?"

"Nimesikia," alisema Anje, kwa heshima zote.

Yasinta hakuhitaji kuambiwa. Mwezi wa tano, kwa pupa ya kuanza, alikuwa amebeba makopo yake siku moja kabla ya mbio ndefu. Alipofika kilomita ya ishirini na sita, mapaja yalimgeuka kuwa magogo. Alirudi anatembea kando ya barabara ya Peramiho, analia, wenye baiskeli wakimpa pole kama mfiwa. Mwili wake ndio uliomfundisha somo lile. Ndiyo maana jioni, uongo ulipomtoka, ulitoka ukiwa umekamilika.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda anapukuchua mahindi, Anje pembeni yake na kiazi kilichochemshwa. Subira aliingia uani na begi la chuo. Hata hajalitua, Anje alikuwa ameshatupa kiazi sahanini na kukimbia.

"Anti! Nibebe nikuhesabie!"

Subira alicheka, akamweka mgongoni, akaanza kuchuchumaa na kusimama, kuchuchumaa na kusimama, mtoto amemng'ang'ania shingoni. "Moja! Mbili! Tatu! Tano!" Kicheko cha Anje kilikuwa kile cha tumboni, ambacho Yasinta alikuwa akidhani ni chake peke yake. Mtoto wake mwenyewe, aliyembeba miezi tisa, ndiye aliyegeuzwa chuma cha kumpa nguvu yule atakayemshinda. Na mtoto anafurahi.

Leodegari alikuwa mlangoni na ndoo ya kuogea. "Huyu angekuwa kwangu kazini," alisema akicheka, "ningepunguza vibarua wawili." Akaenda zake kuoga. Hakujua alichokiacha nyuma.

Subira alimtua mtoto, akachuchumaa mbele ya lile rundo la mahindi, akaanza kupukuchua bila kuombwa.

"Mama Anje, Mwalimu kasema nini leo?"

Gunzi lilibaki mkononi mwa Yasinta.

"Kasema kesho tubebe."

"Kesho? Ijumaa?"

"Ndiyo. Alfajiri. Mizunguko mitano, kumi na tano kila mzunguko. Eti miguu iamke, Jumamosi iwe myepesi. Hata mimi nilishangaa."

Anje akainua kichwa. "Mama, mwalimu kase..."

Yasinta akachukua kile kiazi sahanini, akakitia mdomoni mwa mwanawe. "Kula. Kinapoa."

Subira alikuwa akiyatazama mahindi, uso umekunjamana kidogo, anafikiri. Kisha ukakunjuka. "Haya. Mwalimu anajua zaidi. Asante, Mama Anje. Mwingine angeninyima, hivi tunavyogombea nafasi moja."

Sabini na tano. Yasinta alizihesabu zote alfajiri ile, kitandani. Ya mwisho ilipotua alingoja moyo wake upate raha aliyoitegemea. Haikuja, na bado hakusimama kwenda kumwambia kweli. Hilo ndilo alilolikumbuka baadaye: mlango ulikuwa hatua nne kutoka kitandani, na hakusimama.

Saa mbili asubuhi alitoka na ndoo kwenda bombani, kwa kusahau tu. Leodegari alikuwa ameshaahidi kuchota. Subira alimkuta getini.

"Mama Anje, hujabeba leo? Sikusikia makopo yako."

"Nitabeba mchana, mtoto akilala."

"Basi nipe hiyo ndoo." Akamnyang'anya, anacheka, jasho la alfajiri limekauka chumvi kwenye paji la uso. "Si tumeambiwa tubebe? Acha nikubebee na yako."

Akachota mara tatu. Yasinta alisimama kwenye kivuli cha ukuta akamtazama anavyotembea na ndoo kichwani, mikono imeshuka, shingo imesimama, hata tone halimwagiki. Hata wivu una kikomo, mtu angedhani. Wake siku ile haukuwa nacho.

Jumamosi ukungu ulikuwa mzito. Walianzia uwanjani, watu kumi na tisa, wakashika barabara ya Peramiho. Wangefika mbele kidogo ya Maposeni, wageuze kwenye pipa jekundu aliloliweka Mwalimu, warudi. Pembeni mahindi yalikuwa yameshavunwa, mabua yamelala. Subira aliondoka na wanaume wa mbele. Yasinta alikaa nyuma yake hatua mia, akiulinda mwendo wake, macho kwenye ule mgongo.

Kwenye pipa walipishana. Subira alikuwa anarudi, uso unang'aa. "Mama Anje! Twende!" akamwita, akampiga kiganja kwa kiganja. Yasinta alikiona kiganja kile kina sugu za bomba la chuma.

Alipopita kwao Maposeni, shangazi mmoja alisimama kando ya barabara akapiga vigelegele. Yasinta hakugeuka. Alikuwa akingoja kilomita ya thelathini, kama mtu anavyongoja mdai mlangoni. Ikafika, na mgongo wake ulishuka, lakini si kama zamani. Miezi mitatu ya makopo yaliyoinama ilikuwa imefanya kazi yake. Kiuno kilitikisika, kikasimama. Alishangaa, karibu acheke peke yake barabarani: kumbe alikuwa na bodi! Kumbe angeweza kushindana!

Halafu akamwona Subira mbele. Hatua zake zilikuwa zimefupika. Alikuwa anainua mapaja kama anapanda ngazi ambazo hazipo, na mikono, ile mikono ya marobota, ilikuwa inavuta hewa kumsaidia. Yasinta aliijua ile hali, ndani mpaka kwenye mfupa. Akamkaribia. Akafika ubavuni.

Subira aligeuza kichwa. Midomo ilikuwa imekauka. "Miguu imekataa," alisema. "Nenda, Mama Anje. Nenda, usiningoje."

Akaenda. Kwa kilomita moja nzima alikimbia kama amefunguliwa kamba. Alikuwa mbele ya ule mgongo, hauoni tena, na ukungu ulikuwa umepanda, na mji ulikuwa unaonekana. Kilomita ya pili alianza kusikia kitu nyuma yake, akadhani ni viatu. Alipogeuka hapakuwa na mtu. Ilikuwa ni kisigino chake mwenyewe kinapiga lami. Tu. Tu. Tu. Akaihesabu mpaka uwanjani bila kutaka.

Saa tatu na dakika arobaini na moja. Leodegari alimpokea kwa mikono miwili, akamfunika koti lake la kazini, lenye harufu ya chokaa. "Mke wangu," alisema.

Yasinta alimtafuta mtoto kwa macho. Anje alikuwa amesimama kwenye mstari na chupa ya maji, lakini hakuwa akimtazama mama yake. Alikuwa akitazama barabara.

Subira aliingia dakika kumi na saba baadaye, anatembea. Anje akamkimbilia na ile chupa, akaibeba kwa mikono miwili. Binti akakaa kwenye nyasi kama mzigo uliotuliwa, na mtoto akakaa palepale pembeni yake, akamwekea mkono gotini.

Mwalimu Polikarp alishuka kwenye pikipiki, daftari mkononi.

"Subira. Nini kimekupata? Umeanguka wapi? Ulianza vizuri, ulifika thelathini, halafu nikaona mtu mwingine kabisa. Jana ulifanya nini?"

Subira alimtazama Mwalimu. Halafu akamtazama Yasinta, kwa utulivu, bila hasira, kwa muda wa kutosha. Kilomita kumi na mbili za kutembea na kukimbia ni muda mrefu wa kufikiri. Yasinta akaona wazi kwamba binti ameshajua.

"Hakuna, Mwalimu," alisema Subira. "Miguu tu. Ni riziki. Mama Anje amekimbia vizuri, alhamdulillah."

Ndipo wivu ulipompata Yasinta sawasawa, mkubwa kuliko wa makopo, kuliko wa mgongo, kuliko hata wa kicheko cha mtoto. Yule binti alikuwa na kitu kisichopatikana kwa kubeba zege mara sabini na tano: moyo mweupe. Yasinta alikitamani. Akataka kukinyang'anya, kama alivyonyang'anya kila kitu kingine, lakini hiki kilikuwa na njia moja tu ya kukipata.

"Basi," alisema Mwalimu, akafungua kalamu kwa meno. "Arusha ni Yasinta. Jina la baba?"

"Mwalimu, ngoja."

Alivuka nyasi. Mapaja yalitetemeka alipochuchumaa, akajishika kwenye bega la Subira asianguke, na bega lile halikumkwepa. Akakaa uso kwa uso na mwanawe. Leodegari alisogea nyuma yake, haelewi.

Alijaribu kusema mwenyewe. Alifungua mdomo mara mbili, na mara zote mbili ulimi uligoma, mkavu kama gunzi.

"Anje," alisema mwishowe. "Juzi jioni, anti alipouliza Mwalimu kasema nini, ulitaka kusema kitu. Mama akakuziba mdomo na kiazi. Unakumbuka?"

Anje akaitikia kwa kichwa.

"Mama alikosea. Sema sasa. Sema kwa sauti, Mwalimu asikie, na baba asikie."

Mtoto alimtazama mama yake, akamtazama anti, akamtazama yule mzee mwenye filimbi. Akasimama wima, mikono ubavuni, kama wanavyosimama darasani.

"Mwalimu alisema Ijumaa msibebe kitu."